Unakoroma na kukatika pumzi? Jicho nalo likaangaliwe

Mke wangu ndiye aliyenigundua. Alinirekodi kwa simu: nakoroma, kimya kinatanda, halafu nashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Kimya kimoja alikihesabu, sekunde 24. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa macho kubadilisha miwani, na ya usingizi sikuyagusa. Niliona hayamhusu.

Basi anza na kurekodi. Hata nusu saa ya usiku inatosha kumwonyesha daktari, naye atakupangia kipimo cha usingizi. Pumzi ikikatika au ikipungua sana kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Chini ya matukio 5 kwa saa si neno. Kuanzia 15 tatizo ni la wastani, 30 na kuendelea ni kali. Mimi nilipata 38. Namba yako iandike, maana ndiyo utakayompelekea daktari wa macho.

Itamsaidia nini? Retina, utando ulio nyuma ya jicho, ni mlafi wa oksijeni, na mishipa inayoulisha ni myembamba mno. Kila pumzi inapokatika oksijeni hushuka, kaboni dioksaidi hupanda, kisha mwili hugutuka na presha huruka. Usiku kucha! Kuta za mishipa huchoka: hazitanuki wala kubana inavyopasa, na baadhi huanza kuvuja. Ndiyo maana wenye tatizo hili huonekana zaidi kati ya watu walioziba vena ya retina (mshipa unaotoa damu humo), na kati ya waliopungukiwa damu kwenye neva ya jicho. Hawa wa mwisho wengi huamka asubuhi jicho moja lina kivuli. Mwenye kisukari au presha ana mzigo juu ya mzigo. Na usingoje maumivu, kwa kuwa retina haiumi.

Ukifika, sema wazi: "Ninakatika pumzi usingizini, naomba uniangalie retina." Utatiwa matone ya kupanua mboni. Uoni hufifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari. Nenda na mtu. Omba wapime pia presha ya jicho, wakupige picha ya retina, na nakala uondoke nayo. Yangu ilionyesha doa dogo la damu ambalo nisingelijua kamwe. Uliza maswali matatu: kuna damu iliyovuja? Katikati ya retina pamevimba? Neva ikoje? Picha ya mwakani italinganishwa na hii.

Tiba yangu ya pumzi ni CPAP, mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku, nayo ina vituko vyake. Wiki mbili za kwanza niliamka macho yanakwaruza kama yana mchanga, nikailaumu mashine yenyewe. Kumbe hewa ilikuwa ikivujia juu ya pua na kupuliza macho. Nilikaza mikanda, ikazidi. Dawa ilikuwa kubadilisha saizi ya barakoa. Kulala ubavu nako kunasaidia wengi. Ila mashine haichukui nafasi ya matibabu ya jicho: kama umeandikiwa sindano za retina, endelea nazo.

Ukiamka jicho moja limeingia kivuli au uoni umekatika ghafla, usisubiri miadi. Nenda siku hiyohiyo, na ile namba yako mkononi.