Kusoma Kijerumani kwenye Kindle au Kobo: angalia jina la kamusi kabla ya kuamini maana

Wenzetu mlioko Ujerumani, Austria na Uswisi mnaoandama cheti cha B1, yaani Kijerumani cha kiwango cha kati, mmeshaambiwa: soma vitabu kwenye Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, neno usilolijua libonyeze na ushikilie, maana itakuja. Ushauri ni mzuri, lakini nusu yake haisemwi. Kifaa hakiangalii lugha unayoisoma. Kinaangalia lugha ambayo faili la kitabu linadai kuwa limeandikwa kwayo, na hapo ndipo watu wanapopotea, wengine kwa miezi.

Kila kitabu cha kielektroniki kina lebo ya lugha ndani yake, ambayo msomaji haioni. Kitabu cha kununua dukani kwa kawaida kina lebo sahihi. Kile kilichozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kikageuzwa kutoka PDF na mtu asiyejulikana, mara nyingi kina lebo ya Kiingereza au hakina lebo kabisa. Kindle ikiona Kiingereza, inafungua kamusi ya Kiingereza. Neno likiwa refu, itakuambia halipo, nawe utashtuka mapema. Hatari iko kwenye maneno mafupi, kwa sababu hayo kamusi inayajibu bila kusita. Gift kwa Kijerumani ni sumu. Kamusi ya Kiingereza itakupa zawadi. Rat ni ushauri au halmashauri, utaonyeshwa panya. Not ni dharura, Kind ni mtoto, Brief ni barua, fast ni takriban, also ni kwa hiyo. Sisi tuliosoma sekondari kwa Kiingereza ndio tunaonaswa kwanza, maana jibu linafanana na kitu tunachokijua tayari.

Kwa hiyo neno likishafunguka, kabla ya kusoma maana, soma jina la kamusi kwenye kidirisha. Kama si kamusi ya Kijerumani, usisome zaidi. Jina hilo ukiligusa unaweza kuchagua kamusi nyingine, na hiyo inatosha kwa dharura, lakini dawa yenyewe ni kurekebisha faili.

Kurekebisha kunahitaji kompyuta na Calibre, programu ya bure. Ingiza kitabu, fungua sehemu ya kuhariri taarifa zake, futa Kiingereza kwenye nafasi ya lugha, weka Kijerumani, hifadhi. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kuna mtego wa pili: ulichobadilisha ni kumbukumbu ya Calibre, si lazima faili lenyewe. Ukilichukua faili kwenye folda kwa mkono na kulituma Kindle kupitia barua pepe au tovuti, lebo ya zamani inasafiri nalo. Kwanza tumia chombo cha kung'arisha vitabu kilichomo ndani ya Calibre, uchague kuingiza taarifa mpya kwenye faili, au ligeuze upya kuwa EPUB, muundo wa kawaida wa vitabu vya kielektroniki. Kisha futa nakala ya zamani kwenye kifaa. Ukiziacha zote mbili zina jalada moja, utafungua ile mbovu, udhani marekebisho hayafanyi kazi. Bonyeza neno Gift au Kind kama jaribio, uangalie tena jina la kamusi.

Mipangilio ya kawaida haina ugumu: ingia sehemu ya lugha na kamusi, chagua kamusi ya Kijerumani, ipakue ukiwa na Wi-Fi, baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Ila fahamu kwamba kamusi ya Kijerumani inayowekwa na Kindle ni Duden, Kijerumani kwa Kijerumani. Kwa mtu wa A2, ngazi iliyo chini ya B1, maelezo ya neno moja yana maneno mengine manne asiyoyajua. Chukua ya Kijerumani kwa Kiingereza mpaka uimarike.

Anayetaka Kiswahili, njia ninayoiamini ni KOReader, programu huria inayoingia kwenye vifaa vya kusomea vya Kobo na PocketBook. Inasoma kamusi za muundo wa StarDict. Mradi wa FreeDict unatoa bure ya Kijerumani kwa Kiingereza, na ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ziweke zote mbili kwenye folda ya kamusi ya KOReader. Neno la Kiingereza likitokea ndani ya kidirisha, libonyeze nalo, utapata la Kiswahili likiwemo.

Lebo ikishakuwa sawa, bado kuna vitenzi vya Kijerumani vinavyokatika vipande viwili. Hapa kamusi ni sahihi, jina ni sahihi, na maana bado ni ya uongo. Sentensi "Die Vermieterin kündigt eine Mieterhöhung an" ukigusa kündigt utapewa kündigen, kusitisha mkataba, moyo ukuruke ukidhani unafukuzwa kwenye nyumba. Kitenzi ni ankündigen, kutangaza: mwenye nyumba anatangaza kupandisha kodi. "Er bringt ihn um" si kuleta, ni kuua. "Sie hört auf" si kusikia, ni kuacha. Kifaa hakijui kwamba kipande kidogo mwishoni ni cha kitenzi hicho. Soma mpaka mwisho wa sentensi kwanza. Ukikuta ab, an, auf, aus, ein, um, vor au zu imeachwa peke yake hapo mwishoni, ijaribu mbele ya kitenzi: an na kündigen. Kisha fungua kamusi yenyewe kama kitabu kwenye maktaba ya kifaa, uandike ankündigen kwenye utafutaji. Rudia hivyo kila mara mpaka jicho lizoee, maana kifaa hakitakuonya.

Maneno marefu yanavunjwa kuanzia mkiani. Aufenthaltserlaubnis: Erlaubnis ni ruhusa, Aufenthalt ni ukaaji, s ni gundi tu. Mkia ndio unaobeba jinsia pia, kwa hiyo ni die, ya kike, kama Erlaubnis.

Ndugu wa nyumbani, tunajua mnatutumia vitabu kwa upendo, lakini PDF ya kurasa zilizopigwa picha haina herufi ndani yake, na hakuna kamusi itakayofunguka. Barua za ofisi ukiziskani zina tatizo hilohilo mpaka zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Wajerumani wanaheshimu kilichoandikwa kuliko kilichosemwa. Mimi naona ni sifa nzuri, ila inamlemea mgeni. Kwa Ujerumani, muda wa kupinga uamuzi wa ofisi kwa kawaida ni mwezi mmoja, na hautasimama kwa sababu hukuelewa kitenzi. Barua kama hiyo ipeleke kwa mtu anayejua, usiitegemee kamusi ya kifaa.

Ambaye hajanunua kifaa bado, ajue kwamba Onleihe, huduma ya maktaba za umma ya kuazima vitabu vya kielektroniki, haifanyi kazi na Kindle. Kifaa cha Tolino kinafaa. Ila faili la kuazima lina ulinzi, hivyo lebo yake huwezi kuigusa kwenye Calibre.

Mwisho, Kindle huweka kila neno ulilotafuta kwenye orodha ya msamiati pamoja na sentensi yake, nzuri sana kwa marudio kwa sababu chumba cha mtihani wa Kijerumani wa taasisi ya Goethe hakiruhusu kamusi. Lakini inahifadhi na makosa. Ikiwa ulisoma kitabu chenye lebo mbovu, ingia kwenye orodha hiyo, chagua kitabu hicho, ufute maneno yake yote kabla hujayakariri.