Ving'ora vya kaboni monoksidi: ukipangisha au ukiuza nyumba Massachusetts

Nina nyumba ya ghorofa tatu hapa Lowell: chini naishi mwenyewe, mbili za juu nimepangisha. Wenzetu wanaonunua au kuuza nyumba hunipigia simu kuuliza habari za ving'ora vya kaboni monoksidi (gesi ya sumu isiyo na harufu, itokayo kwenye vitu vinavyochoma mafuta, gesi au kuni) siku ya mwisho kabisa, wakili akiwa ameshaanza kudai cheti cha ukaguzi wa zimamoto. Basi nayaandika hapa.

Sheria ya jimbo huitwa Sheria ya Nicole, kwa jina la mtoto wa miaka 7 aliyefariki Plymouth, Januari 2005, baada ya theluji kuziba bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupasha nyumba joto. Ilianza kutumika tarehe 31 Machi 2006. Inagusa kila nyumba ya kuishi yenye kitu kinachochoma gesi, mafuta, kuni au makaa, au yenye maegesho ya gari ndani ya jengo. Usijidai huna boila. Jiko la gesi nalo linahesabika.

King'ora kinatakiwa kila ghorofa inayokaliwa, pamoja na sehemu ya chini ya ardhi au ya darini ikiwa watu wanaishi humo. Kwenye ghorofa wanakolala watu, kisizidi futi 10 kutoka mlango wa chumba cha kulala. Pima kwa futikamba, maana macho hudanganya kwenye korido ndefu. Vyumba vikiwa pande mbili za nyumba, kimoja hakitoshi.

Unaruhusiwa cha betri, cha kuchomeka ukutani chenye betri ya akiba, au cha kuunganishwa na nyaya za umeme. Mimi sipendi cha kuchomeka: mpangaji akitaka kuchaji simu, hicho ndicho cha kwanza kung'olewa. Ukinunua kile kinachogundua moshi na kaboni monoksidi pamoja, hakikisha kinatamka kwa sauti ni hatari ipi; kisichotamka hakikubaliki.

Sasa jambo linalowaangusha wengi: tarehe. Kibonyeze kila mwezi, sawa, ila kitufe hupima betri na mlio tu, hakikuambii kama kihisio cha ndani bado kinanusa kaboni monoksidi. Kihisio huchakaa. Kigeuze nyuma usome tarehe kilipotengenezwa. Vya kaboni monoksidi huisha baada ya miaka 5 hadi 10 kufuatana na mtengenezaji, vya moshi miaka 10. Miaka huhesabiwa tangu kiwandani. Siku uliyokitundika haihusiki. Mkaguzi wa zimamoto hukigeuza vilevile, na kikiwa kimepitwa na wakati umeanguka, hata kilie kama tarumbeta.

Mwenye nyumba anatakiwa kuvijaribu, na kutengeneza au kubadilisha vibovu, kila mkataba unapofanywa upya au kila mwaka, lolote linalokuja mara nyingi zaidi. Betri zinazobadilishika hubadilishwa kila mwaka. Mimi huandika tarehe kwenye karatasi na mpangaji anatia sahihi. Hapohapo namweleza milio: minne mfululizo ni kaboni monoksidi, mitatu ni moshi, mmoja mfupi kila baada ya muda ni betri au kifaa kinachokufa. Ikilia minne, watu wote watoke nje kwanza, ndipo wapige 911. Wasibaki ndani kufungua madirisha. Na theluji ikianguka nyingi, natoka na koleo kwenye matundu ya kutolea moshi kabla sijagusa njia ya gari.

Kwa anayeuza: omba ukaguzi kwenye idara ya zimamoto ya mji wako mapema. Wanakagua vya moshi na vya kaboni monoksidi pamoja, na masharti ya vya moshi hutegemea mwaka nyumba ilipojengwa, kwa hiyo uliza unapoomba miadi. Ada haizidi dola 50 kwa nyumba ya familia moja, 100 kwa familia mbili, 150 kwa jengo lisilozidi familia sita. Cheti hudumu siku 60. Mauzo yakichelewa kupita hapo, mkaguzi anarudi. Wapangaji wapewe taarifa ya siku hiyo kwa maandishi, kwa sababu ghorofa moja ikikutwa imefungwa, cheti hukipati. Na ukihama, ving'ora viache mahali pake.