Kamera ya darubini: picha ya kwanza ipigwe ikiwa imefunikwa

Kabla hujaielekeza kamera mpya kwenye nyota yoyote, ifunike kabisa, weka muda mfupi kuliko yote inayoruhusu, piga picha moja ghafi kisha fungua histogramu yake, yaani grafu ya idadi ya pikseli kwa kila kiwango cha mwanga. Kilima unachokiona kinapaswa kusimama peke yake, kikiwa kimeachana na sifuri. Kikiwa kimekatwa upande wa kushoto, pandisha ofseti (namba kwenye mipangilio ya kamera inayoongezwa kwa kila usomaji) kidogo kidogo, ukipiga upya kila mara, mpaka kiachane.

Hata gizani usomaji wa pikseli hupanda na kushuka kuzunguka wastani. Ofseti huuinua wastani huo ili hata usomaji wa chini kabisa uhesabike. Ukikatwa kwenye sifuri, wastani wa picha za giza, zile zinazopigwa kamera ikiwa imefunikwa, unakuwa wa uongo, na ukizitoa kwenye picha ya nebula (wingu la gesi na vumbi angani) hafifu unaharibu sehemu ileile uliyoitafuta usiku kucha. Kilichokatwa hakuna programu ya kukirudisha! Usiipandishe ofseti mno pia, kwani inakula nafasi ya nyota angavu.

Angalia umbo la kilima, si namba ndogo kuliko zote: kihisi kinaweza kuwa na pikseli chache mbovu zinazosoma sifuri daima, nazo zitakudanganya. Kwa kamera ya biti 12 mara nyingi thamani huzidishwa kwa 16 ili zijaze faili ya biti 16, hivyo mapengo kwenye histogramu si ubovu. Na ukibadilisha geini (kiwango cha kukuza ishara ya kihisi), kipimo cha mwanzo hakifai tena, rudia.