Somo: Kupima nyasi bahari kwa mstari na fremu wakati wa bamvua

Somo hili ni la wanafunzi wa sekondari na wanaoanza elimu ya bahari chuoni. Mahali pa mfano ni uwanda wa maji mafupi wa mashariki mwa Unguja, kama Paje na Jambiani, ambako maji yakikupwa unaweza kutembea mbali sana kuelekea mwambani. Tunataka kujua nyasi zimefunika kiasi gani cha ardhi, ni za aina gani, na zinabadilikaje kutoka mahali hadi mahali. Nyasi hizi ndizo malisho ya kasa na nguva, na ndimo madema ya tafi na pono yanamotegwa, kwa hiyo kuzipima vibaya ni kuwapotosha wengi.

Hatua ya 1: Siku na saa

Kazi hii hufanywa siku za bamvua, yaani siku moja hadi tatu baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa Unguja huweza kufika karibu mita 4. Siku za maji mafu tofauti hiyo huwa kama mita 1 tu, na uwanda hauachwi wazi. Bahati nzuri, katika pwani yetu bamvua hukupwa karibu na saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Kila siku inayofuata, sogeza mbele takriban dakika 50.

Soma jedwali la maji kwa uangalifu. Majedwali mengine ya intaneti hutoa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kikundi kinachosoma 7:20 bila kuongeza 3 hufika ufukweni saa moja na nusu asubuhi na kukuta maji bado yako kiunoni. Andika saa kwa mtindo mmoja kwenye karatasi ya kikundi chote: ama 10:20, ama saa 4:20 asubuhi. Msichanganye.

Anzeni kazi saa moja na nusu kabla ya maji kukupwa kabisa, na geuzeni kurudi mara yanapoanza kujaa. Hapa pana hatari ya kweli. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja: gawanya kimo chote kwa 12, kisha saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa kimo cha mita 4, saa ya tatu peke yake huongeza mita nzima. Tena maji hutangulia kuingia kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, huku mahali mliposimama bado pakavu. Mmoja wenu asipime chochote. Kazi yake iwe kutazama saa na maji.

Hatua ya 2: Fremu

Fremu ni mraba wa sentimita 50 kwa 50, kipimo cha ndani. Tumia bomba la plastiki la nusu inchi na elbo 4. Kosa la kawaida ni kukata vipande vya sentimita 50 kisha kuvipachika. Elbo hubadilisha kipimo. Pachika kwanza bila gundi, pima ndani, punguza au ongeza, ndipo ugundishe. Toboa matundu machache kila upande ili maji yaingie, la sivyo fremu itaelea. Funga mshipi wa kuvulia kila baada ya sentimita 10, pande zote mbili. Utapata vyumba 25, kila kimoja kikiwa asilimia 4.

Vingine: tepu ya mita 50, vigingi viwili vya nondo, dira, simu yenye GPS ndani ya mfuko usiopitisha maji, rula, kipimajoto, na penseli. Kalamu ya wino haifai. Kata mfuniko wa ndoo nyeupe, ukwangue kwa msasa, utakuwa ubao mzuri wa kuandikia hata chini ya maji. Viatu viwe vya kufunga vyenye soli nene, kwa sababu ndala hubaki topeni na kuna kombe za Pinna zinazosimama wima mchangani, ncha zake zikikata kama wembe.

Hatua ya 3: Ruhusa

Unguja, mwone sheha na kamati ya wavuvi. Tanzania Bara na Kenya, uongozi wa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi na fukwe. Penye hifadhi mnahitaji pia kibali cha hifadhi yenyewe. Wakulima wa mwani wana mashamba yao kwenye uwanda huohuo: msivuke kamba wala kung'oa vigingi.

Hatua ya 4: Mistari

Chagueni kituo kwenye ramani kabla ya kufika. Ukichagua ukiwa umesimama pale, macho yatakuvuta penye nyasi nene, na matokeo yako yatakuwa ya pale palipokupendeza.

Wekeni mistari 3 ya mita 50, kila mmoja umbali wa mita 25 kutoka mwenzake, yote ikielekea baharini kwa pembe moja ya dira. Chukueni GPS ya mwanzo na mwisho. Tembeeni upande wa kushoto wa tepu, fremu iwekwe kulia, ili msipime nyasi mlizozikanyaga wenyewe. Fremu ya kwanza huwekwa kwenye mita 0, kisha kila baada ya mita 5. Hiyo ni fremu 11 kwa mstari, 33 kwa kituo.

Hatua ya 5: Ndani ya fremu

Piga picha kwanza, ubao wenye namba ukionekana. Kisha tazama kutoka juu kabisa. Ukitazama kwa upande, majani hufichana na utaona mengi kuliko yaliyopo. Hesabu vyumba: kilichofunikwa chote 4, nusu 2. Wawili wakadirie kila mmoja peke yake. Wakipishana kwa zaidi ya pointi 10, wote warudie.

Baada ya hapo, gawanya kwa aina. Hizi ndizo mtakazokutana nazo zaidi:

- *Thalassia hemprichii*: jani kama utepe uliopinda kidogo, lenye vistari vifupi vyeusi; shina la ardhini nene lenye makovu ya pembetatu.
- *Thalassodendron ciliatum*: shingo ngumu kama kijiti, majani yamekusanyika kileleni. Hupenda kuelekea mwambani.
- *Syringodium isoetifolium*: jani la mviringo kama tambi.
- *Halophila ovalis*: majani madogo ya umbo la yai, mawili mawili.
- *Halodule uninervis*: jani jembamba, ncha ina meno matatu.
- *Cymodocea*: ncha laini ya duara ni *rotundata*; ncha yenye meno meno ni *serrulata*.

Kwa urefu, acha asilimia 20 ya majani marefu zaidi, pima majani 3 hadi 5 ya yaliyobaki, kutoka mchangani hadi nchani. Andika pia aina ya ardhi (tope, mchanga, changarawe), kina cha maji, na wanyama walioonekana: majongoo bahari, viti vya pweza, konokono. Msiwaokote.

Hatua ya 6: Hesabu

Mfano wa mstari mmoja: 0, 0, 12, 20, 36, 40, 60, 52, 72, 80, 68. Jumla 440, gawanya kwa 11, wastani asilimia 40. Wapo wanaoacha sifuri kwa kudhani hazina maana. Wakigawanya kwa 9 wanapata karibu 49. Sifuri ni kipimo kamili: inasema pale hapana nyasi.

MASWALI YA WANAFUNZI

Jedwali lilisema maji yatashuka hadi mita 0.2, mbona hayakushuka hivyo?
Jedwali hukokotolewa kwa mwezi na jua tu, na kwa bandari maalumu. Upepo mkali wa kusi ukisukuma maji nchi kavu, au kanieneo ya hewa ikishuka, maji hubaki juu zaidi. Ndani ya ghuba kama Chwaka pia hukawia kutoka. Amini jicho kuliko karatasi.

Nitatofautishaje nyasi bahari na mwani?
Fukua kidogo kwa kidole. Nyasi ina mizizi na shina linalotambaa ardhini, na huchanua maua. Mwani hauna mizizi ya kweli, mara nyingi umeshika tu jiwe au kamba. Asilimia za mwani ziandike safu yake, usizijumlishe na za nyasi.

Majani yaliyogeuka kahawia yanahesabiwa?
Yakiwa bado yameshika shina, ndiyo, na uandike pembeni. Yaliyokatika na kuletwa na maji yaondoe kabla ya kukadiria.

Shule haina kipima chumvi. Tufanyeje?
Chujeni lita 1 ya maji ya bahari, mkaushe kwa moto mdogo, mpime kinachobaki kwa mizani ya gramu. Mtapata karibu gramu 35. Chumvi hiyo hushika unyevu, hivyo namba itazidi kidogo. Inafaa kufundishia, haifai kulinganisha misimu.

Mtu akichomwa?
Kwa samaki taa au samaki jiwe, zamisha mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, na safari ya hospitali ianze. Asiyechomwa ndiye ajaribu joto la maji, kwa sababu mguu wenye maumivu haupimi vizuri. Miiba ya urchini (mnyama wa bahari wa duara mwenye miiba) iliyozama msiichimbe kwa pini. Konokono wa umbo la koni ni jambo jingine: sumu yake inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo funga bendeji ya kubana kiungo kizima, mgonjwa asitembee, na abebwe hospitali mara moja.

Turudie kupima baada ya muda gani?
Angalau mara mbili kwa mwaka, moja wakati wa kaskazi na moja wakati wa kusi, kituo kilekile, pembe ileile ya dira, na bamvua lenye kimo kinachokaribiana.