Namna ya kupanga bajeti ya programu ya simu: mfano wa ofisi ya usafiri wa wageni Unguja

Ukimuuliza fundi "programu ya simu ni shilingi ngapi?" atakutajia bei yoyote, maana hujamweleza kitu. Bei ya kweli hutokana na siku za kazi, na siku hutokana na orodha ya mambo ambayo programu itafanya. Mfano wetu ni ofisi yenye madereva 15, inayopokea wageni Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume na kuwapeleka Nungwi, Kiwengwa na Paje. Ujira wa siku, bei ya seva (kompyuta ya mtandaoni inayotunza taarifa za programu) na kiwango cha dola (shilingi 2,600) vimewekwa kwa ajili ya hesabu tu. Badilisha uweke vyako.

Hatua ya 1: Jua nani anatumia nini

Hapa watumiaji ni watatu: mgeni anayeweka nafasi, dereva anayepokea safari, na ofisi inayopanga. Wengi huandika "programu moja" kwenye karatasi, kumbe ni tatu.

Kabla ya kukubali zote tatu, punguza. Mgeni anayekaa wiki moja Paje hapakui programu ya teksi. Atafungua kiungo alichotumiwa WhatsApp na hoteli. Basi mgeni mtengenezee tovuti inayokaa vizuri kwenye kioo cha simu, ofisi nayo itumie ukurasa wa kompyuta. Dereva ndiye anayehitaji programu hasa, kwa sababu anahitaji arifa, ramani na kufanya kazi pale mtandao unapokatika. Madereva wako wakiwa na Android wote, iPhone unaiacha kabisa, pamoja na ada ya Apple ya dola 99 kila mwaka.

Uamuzi huu peke yake huokoa pesa kuliko kubishana na fundi juu ya ujira.

Hatua ya 2: Geuza kila skrini kuwa siku

Programu ya dereva: kuingia kwa namba ya simu, siku 3, orodha ya safari, 3, kukubali au kukataa safari, 3, ramani na hali ya safari, 6, mapato, 3, arifa, 3, kufanya kazi bila mtandao, 5. Jumla 26.

Tovuti ya mgeni: njia na bei, siku 4, fomu, 3, malipo, 7, uthibitisho, 2. Jumla 16. Ukurasa wa ofisi 12, seva na hifadhidata 12, ubunifu wa mwonekano 8. Tumefika 74. Ongeza robo kwa majaribio, tuseme 18, na siku 6 za vikao na usimamizi: siku 98. Kwa ujira wa shilingi 120,000 kwa siku, ni 11,760,000.

Zile siku 5 za "bila mtandao" ndizo fundi wa bei rahisi huziruka. Dereva yuko njiani mahali mawimbi hafifu, anabonyeza "kubali". Simu inahifadhi jibu mpaka mtandao urudi. Huku ofisi, kwa kuona kimya, imeshampa safari dereva mwengine. Magari mawili yanafika kwa mgeni mmoja. Dawa yake ni seva ndiyo iamue nani amepata, na simu ya dereva ioneshe "inasubiri" badala ya "umekubali" hadi seva ijibu. Iandikwe hivyo kwenye makubaliano.

Juu ya jumla weka akiba ya asilimia 20, yaani 2,352,000. Si pesa ya kuongeza mapambo. Ni ya mambo ambayo hakuna aliyeyaona mapema. Sasa tuko 14,112,000.

Hatua ya 3: Malipo

Usiunganishe M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa kimoja kimoja. Tumia kampuni moja ya kati inayokupa yote pamoja na kadi, kwani wageni wengi hulipa kwa kadi. Itataka usajili wa biashara wa BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar), namba ya mlipakodi na akaunti ya benki ya biashara. Anza makaratasi siku ile ile fundi anapoanza kazi, la sivyo programu itakamilika na kukaa kuyasubiri.

Omba makato kwa maandishi na uyatie kwenye bei ya safari. Makato yakiwa asilimia 3.5, safari ya dola 40 inakukata dola 1.40. Kamisheni ya Google ya kuuza ndani ya programu haikuhusu, maana usafiri wa gari si bidhaa ya kidijitali.

Kwa nini malipo yamepewa siku 7? Kwa sababu pesa ya mteja inaweza kukatwa na taarifa isifike kwenye seva yako. Lazima kuwe na kazi inayouliza upya hali ya malipo yaliyokwama, namba moja ya kumbukumbu kwa kila safari ili mtu akibonyeza mara mbili asikatwe mara mbili, na njia ya kurudisha pesa. Fundi akikwambia malipo ni siku mbili, muulize haya matatu.

Hatua ya 4: Akaunti ya Google Play

Ada ni dola 25, mara moja tu, sawa na 65,000. Akaunti mpya ya mtu binafsi hulazimika kuwa na wajaribu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kutoa programu kwa umma. Madereva wako 15 wanatosha, mradi wasijitoe katikati. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila inataka namba ya D-U-N-S, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni, ambayo ni bure lakini inaweza kuchukua hadi siku 30. Kwa kuanzia unaweza hata kuwagawia madereva kwa njia ya majaribio ya ndani, inayoruhusu watu hadi 100.

Akaunti ifunguliwe kwa jina na barua pepe ya ofisi, wala si ya fundi. Mkigombana, asiyemiliki akaunti ndiye anayeanza upya.

Hatua ya 5: Gharama zisizoisha

Seva ya dola 12 kwa mwezi ni 374,400 kwa mwaka. Ongeza jina la tovuti na meseji za uthibitisho. Meseji zibaki za madereva tu. Mgeni mpelekee barua pepe.

Ukitumia Firebase, huduma ya Google ya kuendeshea programu badala ya seva yako, hifadhidata yake ya Firestore inakupa kusoma rekodi 50,000 bure kwa siku. Inaonekana nyingi. Lakini ukurasa wa ofisi ukisoma upya safari 400 kila dakika kwa saa 10, umesoma 240,000. Ukisoma safari 30 za leo peke yake, ni 18,000. Pia weka tahadhari ya bajeti ikutumie ujumbe matumizi yakipanda.

Matunzo: tenga siku moja na nusu kila mwezi, 2,160,000 kwa mwaka. Google hupandisha kila mwaka kiwango cha Android kinachotakiwa, na programu iliyoachwa nyuma hufichwa kwa watumiaji wapya wenye simu mpya. Dereva utakayemwajiri baadaye huenda akaitafuta asiione.

Jumlisha ujenzi, akaunti na miaka miwili ya seva na matunzo: 19,245,800, bila meseji, jina la tovuti na kodi. Hii ndiyo namba ya kumpelekea mwenye mtaji. Suala la kodi lipeleke ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar) kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: Mkataba na kalenda

Lipa asilimia 30 kuanza, 30 madereva watakapoishika programu mkononi, 25 malipo yatakapopita kwa pesa halisi, na 15 baada ya siku 30 za kazi bila hitilafu kubwa. Msimbo (maandishi ya programu anayoyaandika fundi) uwekwe kwenye akaunti yako tangu siku ya kwanza.

Siku 98 kwa mafundi wawili ni kama wiki kumi. Anzeni mwezi Machi, mjenge wakati wa masika wageni wakiwa wachache, mjaribu Juni kwa simu za madereva wenyewe, zile zilizojaa picha na zenye vioo vilivyopasuka. Msizindue katikati ya Agosti, wala wiki ya mwisho ya Disemba, wageni wanapokuwa wengi.