Kifaranga akilegea miguu, weka chini hiyo chokaa

Mwezi huu nimeitwa kwenye mabanda kadhaa kati ya Buhongwa na Kisesa, mkoani Mwanza, na kote nimekuta hali ileile. Vifaranga wa wiki tatu wamekalia magoti, wanajikokota kwa mbawa kwenda kwenye maji, na pembeni kuna ndoo ya chokaa ya mifugo iliyo wazi. Mfugaji ananiambia, "Afisa, nimewaongezea chokaa mara mbili, mbona hawasimami?" Mwingine hakuongeza kitu, ila amewalisha chakula cha kuku wa mayai kwa sababu kilibaki mfuko mzima. Kosa ni lilelile: kalsiamu imezidi.

Banda moja nilimchinja kifaranga mmoja mbele ya mwenye kuku. Nilipojaribu kuvunja mfupa wa mguu, haukulia. Ulipinda kama mpira. Nikapasua kichwa cha mfupa huo kwa urefu, chini kidogo ya goti. Kwa kifaranga mzima utaona pale mstari mwembamba wa gegedu, yaani mfupa laini, kisha mfupa mgumu. Huyu alikuwa na bonge jeupe lenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kisu kilipita kama kinakata figili.

Gegedu hilo ndilo kiwanda cha mfupa. Seli zake zinagawanyika na kujipanga safu kwa safu, na hapo mfupa unarefuka. Za mwisho kwenye safu zinavimba, kuta zinazozizunguka zinashika madini, mishipa midogo ya damu inapenya, nyingi ya seli hizo zinakufa na mfupa unajengwa mahali pake. Ili zife kwa wakati wake, lazima damu iwe na madini ya fosforasi ya kutosha. Ikipungua, seli zilizovimba hazifi. Zinarundikana juu ya nyingine, na kifaranga anaendelea kuongezeka uzito juu ya mguu laini.

Chokaa ni kalsiamu, fosforasi haina. Ukiizidisha, inaikamata fosforasi iliyo utumboni na vyote viwili vinatoka na kinyesi. Kwa hiyo kila kiganja unachoongeza kinaunyima mfupa kile hasa unachokosa. Tena figo za kifaranga haziwezi kuitoa kalsiamu yote hiyo. Ukimpasua mwingine ukakuta figo zimevimba na unga mweupe umetapakaa juu ya ini, chanzo kinaweza kuwa ndoo yako.

Vipimo sasa, na hapa naomba unisome taratibu. Chakula cha vifaranga kinataka kalsiamu karibu asilimia 1, na fosforasi inayofyonzwa karibu nusu ya hiyo. Cha kuku anayetaga kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Ni karibu mara nne! Katika kilo 100 za chakula cha vifaranga, ukiweka dagaa kilo 10 na mifupa iliyosagwa kilo 2, kalsiamu imeshatosha. Chokaa usiweke kabisa. Kama mifupa hukupata, weka dagaa hao kilo 10 na chokaa ya mifugo kilo 1, basi. Kilo 8 za chokaa ni za kuku wa mayai, na zianze karibu na wiki ya 18, wanapokaribia kutaga, si siku moja kabla eti wakue haraka.

Kilo, nimesema. Si sado. Sado ya lita 4 ya chokaa laini inakaribia kilo 5, wakati sado hiyohiyo ya pumba haifiki hata kilo 2. Mtu anayepima vyote kwa chombo kimoja anajidanganya, na nimechoka kuhesabu vifaranga waliokufa kwa ajili ya mzani wa bei ndogo ambao hakutaka kuununua. Dagaa nao, hasa walioanikwa mchangani, wachekeche kwanza ndipo uwapime. Ukipima na mchanga umepunguza fosforasi inayotoka kwa dagaa bila kujua. Usitegemee pumba na mashudu kuziba pengo hilo, kwani kuku anafaidi kama theluthi moja tu ya fosforasi iliyomo. Na chokaa ya kupakia ukuta isiingie kwenye chakula hata chembe, inaunguza.

Bila vitamini D3 utumbo hauwezi kuyafyonza madini hayo vizuri. Premiksi, yaani mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia kwenye chakula, iliyoachwa wazi juu ya bati lenye joto imeshakufa nguvu. Nunua ya kutosha mwezi mmoja na uifunge. Vifaranga wanaofungiwa ndani muda wote ndio wanaoumia zaidi, hivyo wafungulie jua la asubuhi likishapata joto.

Waliokwisha kulegea: ondoa chakula hicho chenye chokaa nyingi leo hii, siyo kikiisha. Wape vitamini ya maji yenye D3 siku 5 mfululizo kwa kipimo cha pakiti, na uwasogezee maji na chakula pale walipolala, kwa sababu wengi wanaokufa hawauliwi na mguu, wanauliwa na kiu. Wanaoanza kusimama wenyewe ndani ya wiki moja au mbili, wamepona. Wenye mifupa iliyokwisha kupinda usiwaweke kwa ajili ya mayai.