Watoto kwanza, siyo baada ya matangazo: hatua tunazofuata shule ya Jumapili

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu. Wengi mmeniuliza tunafanyaje huku kwetu Masasi, basi naweka hatua zetu hapa. Sijasoma chuo cha theolojia. Nimefundisha watoto miaka 11, na mengi nimejifunza kwa kuharibu.

Hatua ya 1: Omba kuona kitabu cha mapato na matumizi

Najua mlitegemea nianze na maombi. Ombeni, kisha mwendeeni mhazini. Mwaka mzima watoto wametumiwa shilingi ngapi? Kwetu tulikuta spika, viti vya plastiki, chakula cha wageni, na upande wa watoto biskuti za Krismasi, basi. Kila Jumapili tulikuwa tunatangaza kwamba watoto ndio kanisa. Tuliomba fungu dogo la kila mwezi, hata 5,000, ila liandikwe kitabuni.

Hatua ya 2: Andika majina

Jina, umri, anaishi na nani (wengi wanalelewa na bibi), nyumba iko wapi. Akikosa Jumapili mbili mfululizo, mtu aende kupiga hodi.

Hatua ya 3: Mahali, saa na mwalimu

Hapa ndipo nilipoumia. Watoto wetu walikuwa wanatolewa nje baada ya matangazo, wanakaa chini ya mkorosho nyuma ya jiko. Siku moja ya ugeni nikaitwa kusaidia pilau, nami nikawaachia watoto karibu 40 binti wa miaka 13. Niliporudi walikuwa wanarushiana mabibo, yale matunda ya mkorosho. Shati jeupe la mtoto mmoja lilikuwa limelowa kifua kizima, na doa la bibo mnalijua, halitoki mpaka shati lichakae. Mama yake hakunisema. Alilivua, akalikunja, akaondoka na mwanawe kifua wazi. Hawakurudi mpaka tulipowafuata.

Tangu siku hiyo mwalimu wa watoto haondolewi darasani, hata aje askofu. Tunakuwa wawili, na hakuna mtu mzima anayejifungia na mtoto peke yake, awe mwalimu, mzee au mchungaji. Mtoto akisema ameumizwa, jambo hilo halimaliziwi kwenye kikao cha wazee: nendeni ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Hatua ya 4: Hadithi moja tu

Mfano ni 1 Samweli 3, Mungu anapomwita mtoto Samweli usiku, naye anadhani ni kuhani Eli. Tandika mikeka miwili, mmoja wa Eli, mmoja wa Samweli. Mtoto alale, aitwe, akimbie: "Mimi hapa!" Aambiwe akalale tena. Mara ya pili darasa zima linacheka, mara ya tatu linanyamaza lenyewe. Usiharakishe kueleza maana. Mimi niliuliza, "Eli alikosea wapi zile mara mbili za kwanza?" Kamoja ka miaka saba kakajibu, "Alidhani mtoto anaota." Jibu hilo nililipeleka kwenye baraza la wazee kama lilivyo.

Hatua ya 5: Fuata kalenda ya huku

Vitabu vya masomo haviijui korosho. Kuanzia Septemba hadi Desemba familia ziko mashambani na watoto wanaokota tangu alfajiri. Ukibaki kulalamika kwamba hawaji, utafundisha mikeka. Sisi tunahamishia darasa saa kumi jioni, na nusu ya kazi tunaiacha nyumbani. Kumbukumbu la Torati 6:7 inasema uwafundishe watoto uketipo nyumbani na utembeapo njiani; kutenganisha korosho na bibo nako ni kuketi. Mikono ina kazi, masikio hayana. Bibi anapewa mstari mmoja wa wiki, mrefu usizidi pumzi moja.

Kuna na jando na unyago, likizo za Juni na Desemba. Wenzetu wa zamani walilitazama jambo hili usoni: Vincent Lucas, mmisionari Mwanglikana kutoka Uingereza, na mapadre Waafrika wa Masasi waliliweka jando chini ya malezi ya kanisa, kabla Dayosisi ya Masasi haijaundwa mwaka 1926 na Lucas kuwa askofu wake wa kwanza. Kanisa likikaa kimya, mtoto atafundishwa utu uzima na wengine na sisi tutabaki na nyimbo za vitendo. Kaeni na wazazi na nyakanga, yaani wasimamizi wa jando na unyago, mapema, mjue nani anakwenda na atafundishwa nini.

Maswali yenu

*Bibi, Nachingwea:* Mwalimu, wajukuu zangu wananifuata kanisani, ila baba yao ni Mwislamu. Niendelee?

Shikamoo bibi. Mwendee baba yao kwanza, umweleze wanachofundishwa, umkaribishe aje asikilize. Akikataa, usiwalete kwa kificho. Watajifunza kumficha baba yao kabla hawajamjua Samweli.

*Mwalimu, Newala:* Tuko wawili, watoto 60, wa miaka 4 hadi 14.

Wagaweni hata kwa zamu za nusu saa. Wakubwa msiwafanye walezi wa wadogo kila wiki, nao wana maswali yao.

*Mzee wa kanisa, Mikindani:* Fungu la watoto litoke wapi? Sisi hata bati hatujamaliza.

Shikamoo mzee. Hata letu linavuja. Sadaka ya mavuno tuliomba kila nyumba itoe kilo moja ya korosho kwa ajili ya watoto, zikapelekwa kuuzwa chama cha msingi cha ushirika. Tulipata ubao, mikeka na Biblia tatu.

*Mwalimu, Ruangwa:* Binti wa miaka 12 katoka unyagoni, anasema hakai tena na watoto. Nimlazimishe?

Hapana, dada. Ameambiwa amekua, nawe mkubalie kwa kumpa kazi inayoonekana, na kiti chake kwenye darasa la vijana. Wa kwetu tulimkabidhi daftari la majina. Sasa hivi nikichelewa hata mimi, ananiandika.